Ndevu, Joho na Kifimbo

Katika makumbusho ya Mwalimu Nyerere kule Mwitongo, Butiama, pamoja na picha, zawadi na vitu vyake vya nyumbani, kuna maandishi ambayo ni rahisi kuyapita bila kusimama. Ni tafsiri ya Kiswahili ya sehemu ya kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, kwa mwandiko wa mkono wa Mwalimu mwenyewe. Tafsiri zake nyingine tunazifahamu: Julius Caezar ya mwaka 1963, Mabepari wa Venisi ya 1969, na Injili alizozigeuza tenzi alipokwisha kustaafu. Hii ya Plato haitajwi sana, na nadhani ndiyo inayotuambia mengi zaidi juu ya mfasiri wake.

Nyerere aliitwa mfalme-mwanafalsafa na waandishi wa ndani na wa nje, waliompenda na waliomcheka. Jina hilo linatoka katika Jamhuri. Lakini kitabu hicho hakiishii kusema kwamba wanafalsafa watawale. Kinasema pia kwamba wengi wanaoitwa wanafalsafa siyo, kwamba wanafanana nao tu, na kinatumia kurasa nyingi kueleza jinsi ya kuwatambua. Kwa hiyo mtu aliyekaa na kitabu hicho, sentensi baada ya sentensi, akitafuta neno la Kiswahili la kila wazo, alikuwa ameshika mizani ya kuwapimia watu wa aina yake.

Tuanze na neno lenyewe. Falsafa lilitufikia kwa mkono wa Waarabu, nao walilipata kwa Wagiriki. Kwa Kigiriki, philosophos ni mpenda hekima. Sisi tumesema mwanafalsafa, kama tunavyosema mwanasheria au mwanasiasa, yaani mtu wa fani fulani. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu wa fani ana cheti, ana ofisi, ana kitu cha kuonyesha. Mpenda hekima anatambulishwa na anachokipenda, na mtu hupenda kile ambacho bado hajakipata. Cheti unaweza kukikagua kwa msajili. Mapenzi utayakagua wapi?

Athens ya karne ya 5 KK ilikuwa na sababu nzito ya kuuliza. Ulikuwa mji ambao raia walipiga kura wenyewe barazani na kujitetea wenyewe mahakamani, bila wakili. Asiyejua kusema alipoteza shamba, pengine na maisha. Basi wakaja walimu kutoka miji mingine: Protagoras wa Abdera, Gorgias wa Leontini, Hippias wa Elis. Waliitwa masofisti, jina ambalo mwanzoni halikuwa tusi. Lilimaanisha mtaalamu, mtu mwenye maarifa. Walifundisha vijana wa familia zenye uwezo jinsi ya kusema na kushinda, na walitoza ada. Plato anamfanya Socrates aseme mahali fulani kwamba Protagoras peke yake alichuma fedha nyingi kuliko Pheidias, mchongaji mashuhuri kuliko wote, ukimjumlisha na wachongaji wengine kumi. Ukitaka picha ya karibu, fikiria wahamasishaji wa semina za hotelini, wenye viingilio vya meza ya mbele na meza ya nyuma. Ila masofisti, tuwatendee haki, walikuwa na akili kuliko hao. Protagoras alikuwa na mawazo ambayo Plato alihangaika nayo hadi uzeeni.

Katikati ya watu hao alikuwapo Socrates, aliyetembea peku, hakutoza ada, hakuandika kitu, na alidai kwamba hajui. Leo tunamwona kuwa kinyume kabisa cha masofisti. Waathene hawakumwona hivyo. Mwaka 423 KK Aristophanes alipeleka jukwaani mchezo wa kuchekesha uitwao Mawingu, na ndani yake sofisti mkuu, mwenye shule ya kufundisha hoja mbovu kuishinda hoja njema, ni Socrates mwenyewe, ananing'inia kwenye kikapu akilichunguza jua. Watazamaji walimjua mtu huyu, kwani walipishana naye sokoni kila siku. Hata hivyo walicheka, na kicheko kikabaki vichwani. Miaka 24 baadaye, mbele ya jopo la raia wapatao 500, Socrates aliwaambia kwamba washtaki wake wa hatari si wale watatu waliosimama pale. Ni ule uvumi wa zamani, ulioingia masikioni mwa majaji walipokuwa watoto.

Katika utetezi huohuo kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Socrates anaeleza kwa nini watu wanamchukia, na sehemu ya sababu ni waigaji wake. Vijana wenye nafasi, wana wa matajiri, walifurahia kumwona akiwauliza wakubwa maswali mpaka wanakwama. Wakaondoka pale wakaanza kuwafanyia wengine vivyo hivyo. Waliohojiwa hawakuwakasirikia vijana; walimkasirikia Socrates. Vijana walichukua mtindo wake, swali lile na tabasamu lile. Kile kilichomsukuma yeye kuuliza hawakukichukua, kwa sababu hakionekani kwa macho. Mmoja wa waliowahi kuwa karibu naye, Critias, binamu ya mama yake Plato, mwaka 404 KK aliongoza utawala wa wale Thelathini walioua raia wenzao kwa mamia. Hivyo mji ulipomhukumu Socrates haukuwa umechanganyikiwa bure. Ulikuwa umeona waigaji wanaweza kufanya nini.

Plato alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu kesi ilipomalizika. Nadhani sehemu kubwa ya alichoandika baadaye inajibu swali moja la msiba huo: tungeweza kumtambuaje? Wala hakuwa peke yake katika kuligombea jina. Isocrates, aliyekuwa na shule yake mjini humohumo kabla Plato hajafungua Akademia, naye alikiita falsafa kile alichokifundisha, yaani usemi na busara ya mambo ya mji, na aliandika hotuba nzima dhidi ya masofisti. Kwa macho ya Isocrates, watu wa aina ya Plato, wenye kubishana juu ya mambo yasiyomsaidia yeyote, ndio waigaji. Tumelirithi jibu la Plato kwa sababu ndiye aliyeshinda, na hilo tu lingetosha kutufanya tumsome kwa tahadhari.

Katika Jamhuri anajaribu zaidi ya mara moja. Kwanza anawatenga wapenda vitu vya kutazama na kusikiliza: watu wanaokimbilia kila tamasha la Dionysus, la mjini na la kijijini, kana kwamba wamekodisha masikio yao. Wana kiu ya mambo mapya, wanajua yote yanayosemwa, na ukikaa nao utadhani unaongea na msomi. Tofauti, anasema, ni kwamba wanapenda vitu vingi vizuri na hawataki kusikia swali kuhusu uzuri wenyewe ni nini. Anayewauliza hilo anawaudhi. Msomaji mwenye simu mfukoni hahitaji nimtafsirie zaidi.

Kisha, katika kitabu cha 6, anageuka kuwa mkali. Falsafa, anasema, imeachwa kama binti yatima baada ya wachumba wake waliostahili kupotoshwa na sifa, mali na siasa. Anayejitokeza kumwoa ni mfua shaba mfupi mwenye kipara, aliyetoka kifungoni juzi, akaoga, akavaa nguo mpya, akaja kumposa binti wa bwana wake kwa kuwa binti amekuwa maskini. Watoto wao watakuwa wa aina gani? Wanaharamu, anajibu Plato: maneno yanayosikika kama fikra.

Picha hiyo inachekesha, lakini hapa Plato ananiudhi. Aliyekuwa akitafuta alama ya ndani amerudi kwenye alama za nje kuliko zote: kipara, kimo, kazi ya mikono, asili ya mtu. Mwana wa ukoo bora wa Athens anamcheka mfua shaba. Socrates mwenyewe, mwana wa mchonga mawe, mwenye pua bapa na macho yaliyotoka nje, angeshindwa kuvuka mlango huo. Plato alijua vizuri kwamba sura inadanganya, na bado ilimponyoka.

Alirudia kazi hiyo kwa utulivu zaidi uzeeni, katika mazungumzo yaitwayo Sofisti. Humo mgeni kutoka Elea anasema sofisti anafanana na mwanafalsafa kama mbwa mwitu anavyofanana na mbwa, mnyama mkali kuliko wote na mnyama mpole kuliko wote. Kwa Kiswahili mfano huo unakolea zaidi kuliko kwa Kigiriki, maana jina lenyewe la mnyama wa mwituni lina mbwa ndani yake. Mgeni yule anaonya kwamba mfanano ndio utelezi wenyewe. Hapo ndipo mtu mwangalifu anapaswa kujihadhari kuliko mahali pengine. Kisha anawagawa waigaji. Wapo wanaoiga kile wanachokijua. Wapo wasiojua wanachokiiga, na hao ni namna mbili: mwigaji mjinga, ambaye anaamini kwa dhati kwamba anajua, na mwigaji mwenye hila, ambaye ameshazoea mabishano kiasi cha kuhisi moyoni kwamba hajui, ila anaendelea kujionyesha mbele za watu kama mjuzi. Huyu wa mwisho ndiye sofisti. Na linatia kizunguzungu, kwa sababu Socrates naye alijua kwamba hajui. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja aliisema hali hiyo kwa sauti na mwingine aliificha.

Ukitoka Bunda mjini kuelekea mashariki unaingia nchi ya Waikizu, ambao kwao utemi ulishikamana na mvua. Masimulizi yao, yenye namna nyingi kulingana na msimulizi, yanamkumbuka Nyakinywa, mwanamke wa mvua aliyetoka Kanadi katika Usukuma na kuwa mtemi wa kwanza. Wenyeji aliowakuta walikuwa watu wa uwindaji na moto. Yeye alikuja na mvua, na kwa hiyo akatambuliwa. Nayataja kwa sababu ya namna ya kupima. Mtu wa mvua anadai jambo ambalo mbingu zitalijibu mbele ya watu wote, na ukame wa misimu miwili unatosha kumweka mashakani. Nahodha hupimwa na bandari na tabibu hupimwa na mgonjwa. Plato aliionea wivu mifano hiyo, ndiyo maana kazi zake zimejaa mabaharia na waganga. Anayedai kuijua haki hana mvua ya kutuonyesha, na madhara ya kukosea kwake yanaweza kuchukua miaka 20 kuonekana, yeye akiwa ameshajengewa sanamu.

Kipimo cha karibu zaidi na mvua ambacho Plato alikipata kiko katika ile inayoitwa Barua ya Saba. Wataalamu hadi leo wanabishana kama ni yake au ni ya mwigaji wake, jambo ambalo kwa mada yetu ni kichekesho kizuri. Mwaka 367 KK aliitwa Syracuse, kisiwani Sicily, kumfundisha mtawala kijana, Dionysius wa Pili, aliyesifika kwa kupenda falsafa. Barua inaeleza jinsi ya kumpima mtu wa namna hiyo bila kumvunjia heshima. Mwonyeshe kazi nzima ilivyo: urefu wake, ugumu wake, maisha ya kila siku inayoyadai. Mwenye mapenzi ya kweli ataona ameonyeshwa njia ya ajabu na hatataka kuishi bila kuifuata. Aliyepakwa rangi juu tu, kama ngozi iliyobabuliwa na jua, atasema haiwezekani, au atajiambia kwamba ameshasikia ya kutosha. Dionysius alisikiliza mara moja. Baadaye, barua inasema, aliandika kitabu juu ya mambo hayo, kana kwamba ni fikra zake.

Karne zilipopita, mwanafalsafa akawa na sare. Chini ya utawala wa Rumi alitambulika kwa joho na ndevu ndefu, na waigaji wakapata kazi rahisi. Aulus Gellius anasimulia kuhusu Herodes Atticus, tajiri wa Athens katika karne ya 2, aliyefuatwa na mtu mwenye joho, nywele ndefu na ndevu karibu za kufika kitovuni, akiomba fedha za mkate. Herodes akamuuliza ni nani. Yule akakasirika: kwani huoni kwamba mimi ni mwanafalsafa? Herodes akajibu kwamba anaona ndevu na anaona joho. Mwanafalsafa bado hajamwona. Kisha akampa fedha za mkate wa siku 30, akisema wanampa kwa kuwa wao ni binadamu, hata kama yeye siyo.

Kwetu sare ilikuwa kifimbo. Kifimbo kile kidogo cha Mwalimu, suti zile zisizo na tai, sauti ile ya juu inayopanda na kukatika, kicheko, mkono unaokata hewa. Kila Oktoba 14 inapofika utawasikia wanasiasa wakizungumza kwa pumzi zake. Mchekeshaji Steve Nyerere alijipatia jina kwa kuiga sauti hiyo waziwazi, na kwa ngazi za yule mgeni wa Elea huyo ndiye mwigaji asiye na lawama, maana hadanganyi mtu kuhusu anachofanya.

Kaskazini ya Sirari jambo hilo lilipewa hadhi ya itikadi. Daniel arap Moi alipochukua urais wa Kenya mwaka 1978 aliahidi kufuata nyayo za Kenyatta, na neno hilo likakua mpaka likawa Falsafa ya Nyayo, ikawa na kitabu chake mwaka 1986. Sijui mfano mwingine wa falsafa ambayo jina lake lenyewe ni tangazo la kuiga. Mwaka 1984 Moi aliwataka mawaziri na wakubwa wengine waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, akitoa hoja kwamba yeye naye, enzi za Kenyatta, hakuwa na wimbo mwingine ila wa Kenyatta. Hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Basi Nyerere mwenyewe tumweke wapi? Wanaomtetea huanza na maisha yake. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa chifu wa Wazanaki, Nyerere Burito, na mama yake Mugaya. Alianza Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, mbali na nyumbani kwa zaidi ya kilomita 40. Akiwa Makerere alichukua hoja za John Stuart Mill juu ya kutiishwa kwa wanawake na kuzigeuzia hali ya wanawake wa Kizanaki. Kijana anayesoma kitabu cha Kiingereza kisha anakielekezea nyumbani kwao, mahali kitakapouma, si mpenda tamasha. Alisema ualimu aliuchagua na siasa ilimpata tu, na Plato angelipenda hilo, maana kwake asiyekimbilia kutawala ndiye anayefaa. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akarudi kukijenga chama. Mwaka 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari, akarudi Butiama kulima na kucheza bao.

Hizo ni dalili nzuri, lakini bado ni dalili. Kiasi cha maisha, kung'atuka, mapenzi ya vitabu vinaweza kuvaliwa, na baada yake vimevaliwa. Kipimo cha Socrates kilikuwa kingine: mtu akiulizwa, hufanya nini? Hapo picha inagawanyika.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza mamia yao chuoni, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi hukumbuka mshahara, na kwa kweli ni kitendo ambacho Dionysius asingekifanya. Ila waliouliza walikuwa wamefukuzwa. Mwaka uliofuata Ali Mazrui aliandika juu ya ugonjwa aliouita Tanzafilia, yaani wasomi wa nchi za nje kuipenda Tanzania ya Nyerere hadi wakasahau kuihoji. Hao ndio wale vijana wa Socrates waliovuka bahari.

Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, ya mwaka 1962, ilidumu muda wote wa urais wake. Abdulrahman Babu, mmoja wa vichwa vikali vilivyokuwa na uwezo wa kumjibu Mwalimu hoja kwa hoja, alikaa ndani kuanzia 1972 hadi 1978, na gerezani akaandika kitabu cha kuukosoa ujamaa wa Kiafrika. Mwishoni mwa 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Alikuwa ameandika kwamba ujamaa hauwezi kulazimishwa. Maofisa walikuja na malori, na nyumba nyingine zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Kufikia 1977 takriban watu milioni 13 walikuwa vijijini. Mpenda hekima aliyeandika sentensi ile na mtawala aliyeruhusu malori walikuwa mtu mmoja. Sioni njia ya kuwatenganisha bila kudanganya.

Hata Azimio la Musoma la Novemba 1974, linalokumbukwa zaidi kwa kuagiza kila mtoto apate elimu ya msingi, lilikuwa na kipengele chenye harufu ya Plato. Mhitimu wa sekondari asiende chuo kikuu moja kwa moja; kwanza afanye kazi, aonekane, na atakaopishana nao kazini na katika chama waseme anafaa. Katika Jamhuri walezi wa mji hurudishwa pangoni kwa miaka 15 ya utumishi kabla ya kuaminiwa. Wazo ni lilelile: usimwamini mtu kwa mtihani wa karatasi. Lakini kwa Plato mhusika alijaribiwa na kazi, na huku alijaribiwa pia na barua ya mapendekezo ya tawi la TANU. Hakuna hati rafiki kwa mwigaji kama hiyo.

Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alichapisha tathmini yake. Katika nchi isiyokuwa na chama cha upinzani cha kumbana, aliandika kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, na akaorodhesha makosa, mengine ya serikali yake. Unaweza kusema ni rahisi kujihoji ukiwa wewe ndiye unayechagua maswali. Ni kweli. Tafuta basi wengine wa kizazi chake waliofanya hata hivyo.

Kanisa lina utaratibu wake wa kutenganisha wa kweli na wanaofanana. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenye heri. Zamani mchakato wa namna hiyo ulikuwa na mtu maalumu, aliyeitwa wakili wa shetani, mwenye kazi rasmi ya kumpinga mtarajiwa kwa kila hoja aliyoweza kuipata. Papa Yohane Paulo wa Pili aliipunguza nguvu kazi hiyo mwaka 1983. Plato, nadhani, angeirudisha.

Jaribio ambalo mimi nalipa uzito zaidi lilikuja baada ya yeye kutoka Ikulu. Hoja ya chama kimoja ilikuwa yake. Aliiandika mwaka 1963 na kuiweka katika katiba mwaka 1965: kwamba vyama viwili vina maana pale tu taifa limegawanyika kimsingi, na letu halijagawanyika. Kizazi kizima kilifundishwa hoja hiyo shuleni na kwenye mikutano, kikaishika kwa moyo. Februari 1990, akiwa bado mwenyekiti wa CCM na tawala za Ulaya Mashariki zikiwa zimeanguka, alisema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si mwiko tena. Chama kimoja kisichopingwa, alieleza, kimelegea na kuwasahau watu.

Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Walijibu kwa hoja za Mwalimu, wakati mwingine kwa maneno yake, na Mwalimu mwenyewe alikuwa upande wa wale wachache. Tume ilipendekeza vyama vingi, na Julai 1992 sheria ikaanza kazi. Wakosoaji wake wanasema, na wana haki ya kusema, kwamba hata hapo mzee mmoja alisikilizwa kuliko mamilioni. Lakini Tanzania nzima ilikuwa imejaa watu waliolikariri jibu lake la 1965. Aliyerudi kwenye swali ni yeye.